Chama cha wafanyabiashara kimesema "pigeni La". Je, nikifuate?

*"Nina mgahawa mdogo hapa Sacramento, California, wafanyakazi tisa, na jengo nimepanga. Nilizaliwa Mombasa, nimepata uraia wa Marekani mwaka jana, kwa hiyo huu ndio uchaguzi wangu wa kwanza wa jimbo. Chama cha wafanyabiashara ninachokilipia ada kimetutumia karatasi: mapendekezo haya ya sheria pigeni Ndiyo, haya pigeni La. Mume wangu anasema hao ni wataalamu, kwa nini nijisumbue kusoma kitabu kizima cha serikali kinachoyaeleza? Mdogo wangu anayeendesha Uber anasema nikifuata karatasi hiyo nitakuwa nimewapigia kura matajiri. Kenya nilipiga kura ya maoni ya 2010: kijani au nyekundu, basi. Hapa naona maswali kumi na nusu yake siyaelewi. Je, kama mwanachama ninalazimika kufuata? Nikiacha swali bila jibu kura yangu itaharibika? Na je, naweza kuwaambia wafanyakazi wangu wapige vipi? Mgahawa ukifungwa, wao pia wataumia."*

Dada yangu, karibu kwenye daftari la wapiga kura. Nianze na majibu mafupi ili usome yaliyobaki ukiwa umetulia. Hulazimiki kufuata karatasi hiyo. Ada unayolipa hainunui kura yako, na kura ni siri. Ukiacha swali moja bila jibu, au hata matano, majibu yako mengine yanahesabiwa kama kawaida. Wafanyakazi wako usiwaelekeze jinsi ya kupiga kura. Hilo nitalirudia huko chini, kwa sababu lina sheria yake na mtu anaweza kuingia matatani akiwa na nia njema kabisa.

Naona mumeo na mdogo wako kila mmoja ameshika sehemu ya ukweli, ndiyo maana umebaki katikati. Chama hicho kweli kina watu wanaojua mambo: wanasheria, wachumi, watu waliozunguka Bungeni miaka mingi wakifuatilia kila muswada. Na ni kweli pia kwamba watu hao wanalipwa kutetea waajiri. Karatasi yao ichukulie kama ushahidi wa jirani katika kesi ya mpaka wa shamba: anaijua ardhi kuliko wageni wengi, lakini shamba lake nalo linapakana hapo. Ushahidi wake unausikiliza mpaka mwisho, ila hukumu humwachii yeye.

Kwanza tuelewane chama hiki ni kitu gani. Chama cha wafanyabiashara Marekani si idara ya serikali, na si chama cha siasa. Ni muungano wa hiari wa wenye biashara. Kuna cha mji au kaunti, kuna cha jimbo kinachojulikana kama CalChamber, na kuna cha taifa kilichoko Washington. Majina yanafanana lakini si matawi ya mti mmoja; kila kimoja kina bodi yake na kinaweza kuwa na msimamo wake. Tazama basi karatasi yako imetoka kwa nani. Chama cha mji huwa na wanachama wengi wenye saluni, maduka na migahawa kama wako. Kwenye bodi ya chama cha jimbo utawakuta wakuu wa kampuni kubwa wakikaa pamoja na wafanyabiashara wadogo, na kampuni hizo zina mahitaji ambayo wewe huna.

Misimamo hiyo haitoki hewani. Wataalamu wa sera huchambua pendekezo, kisha bodi huamua: tuunge mkono, tupinge, au tukae kando. Swali wanalojiuliza ni moja tu: jambo hili litaongeza au litapunguza gharama na hatari za waajiri? Ndiyo maana utawasikia sana kwenye mishahara, kodi, nishati na mashtaka ya wafanyakazi, na utawasikia kidogo kwenye mambo mengine. Wanachama wakigawanyika, bodi mara nyingi hunyamaza. Kwa hiyo pendekezo lisilotajwa kwenye karatasi yako usilidharau. Huenda ndilo litakalogusa shule ya watoto wako.

Umetaja 2010, na ni vizuri, kwa sababu uzoefu ule unaweza kukupotosha hapa. Kenya mliulizwa swali moja kuhusu katiba nzima, na viongozi wakazunguka nchi wakieleza kila mtu yuko upande gani. California ina mfumo mwingine ulioingizwa mwaka 1911 wakati wa gavana Hiram Johnson, ambaye alikuwa akipambana na kampuni ya reli ya Southern Pacific iliyokuwa na nguvu kupita kiasi katika siasa za jimbo. Wananchi wakapewa njia ya kupita pembeni ya Bunge: kusanya sahihi za kutosha, sheria yako inapelekwa moja kwa moja kwa wapiga kura. Kwa hesabu inayotokana na kura za ugavana za 2022, sheria ya kawaida inahitaji sahihi 546,651, na badiliko la katiba ya jimbo linahitaji 874,641. Sahihi nyingi hivyo hazikusanywi na wanakijiji wenye kalamu. Watu hulipwa kuzikusanya, na inagharimu mamilioni. Mlango uliofunguliwa dhidi ya kampuni moja sasa unapitiwa na yeyote mwenye fedha: kampuni, vyama vya wafanyakazi, au tajiri mmoja mmoja.

Mdogo wako anaujua mlango huo vizuri. Mwaka 2019 Bunge la jimbo lilipitisha sheria ambayo ingewafanya madereva wengi wa programu za simu kuwa waajiriwa. Mwaka 2020 Uber, Lyft, DoorDash na wenzao wakaleta Pendekezo la 22, au Prop 22 kama linavyoitwa, na wakatumia zaidi ya dola milioni 200. CalChamber iliunga mkono. Likapita kwa karibu asilimia 59. Madereva wakabaki wakandarasi wa kujitegemea, wakapewa dhamana ya asilimia 120 ya kima cha chini cha mshahara, lakini kwa muda wanaokuwa na abiria au mzigo tu, si kwa muda wa kusubiri. Wapo madereva waliolipenda kwa dhati, kwa sababu ya uhuru wa kujipangia saa. Wapo walioona wameuzwa. Mahakama ya Juu ya California ililithibitisha Julai 2024.

Ndani ya Prop 22 kulikuwa na sharti ambalo wapiga kura wengi hawakuliona: Bunge likitaka kuirekebisha linahitaji kura saba kati ya kila nane. Hapa ndipo ninapoomba uwe mwangalifu zaidi kuliko mahali pengine popote. California, sheria iliyopitishwa na wananchi kwa njia ya sahihi haiwezi kubadilishwa na Bunge bila kurudi kwa wananchi, isipokuwa yenyewe iwe imeruhusu. Sheria mbaya ya Bunge inaweza kusahihishwa mwaka unaofuata. Iliyopita kwenye sanduku la kura inaweza kukaa kizazi kizima. Mimi, pendekezo likiwa na lengo zuri lakini limeandikwa vibaya, hupiga La. Si wote watakubaliana nami, na pengine wewe utaona heri nusu shari.

Sasa tuje mgahawani kwako, kwa sababu hapo ndipo karatasi ya chama inapoweza kukusaidia au kukupoteza.

Mwaka 2020 kulikuwa pia na Prop 15. Tangu Prop 13 ya 1978, kodi ya mali California imefungwa kwenye asilimia 1 ya thamani, na thamani hiyo huhesabiwa kutoka bei ya kununulia, ikipanda isizidi asilimia 2 kwa mwaka mpaka mali iuzwe tena. Mwenye jengo aliyenunua zamani hulipa kodi ndogo sana kuliko jirani yake aliyenunua juzi. Prop 15 ilitaka majengo ya biashara yatozwe kwa thamani ya soko, na nyumba za kuishi ziachwe kama zilivyo. Mchambuzi wa Bunge, ofisi ya jimbo inayopiga hesabu za kila pendekezo, alikadiria kwamba shule na serikali za mitaa zingepata dola bilioni 6.5 hadi 11.5 kwa mwaka. Chama cha jimbo kilipinga kikisema mzigo utamwangukia mfanyabiashara mdogo. Waliounga mkono wakajibu kwamba mwenye mali ya biashara isiyozidi dola milioni 3 amesamehewa, na kwamba biashara yenye wafanyakazi 50 au chini haitalipa tena kodi ya vifaa vyake.

Nani alikuwa akisema kweli? Ukikaa ukafikiri utaona kwamba jibu lilikuwa kwenye droo yako. Wewe humiliki jengo, umepanga. Kama mkataba wako ni ule ambao mpangaji, juu ya pango, analipia pia kodi ya mali, bima na matengenezo, basi onyo la chama lilikuwa sahihi kwako: jengo la mwenye nyumba tajiri halisamehewi, kodi inapanda, na ankara inashuka mpaka jikoni kwako. Msamaha wa dola milioni 3 ulitazama mwenye mali, haukutazama mpangaji. Lakini kama unalipa pango moja lisilobadilika, mwenye jengo angebeba kodi hiyo mpaka mkataba uishe, na baada ya hapo angeweza kukuongezea kwa kadiri tu ambayo soko la mtaa wako lingeruhusu. Mwenye jengo anayetoza bei ya juu kabisa tayari hana nafasi kubwa ya kuipandisha tena. Na kama ungekuwa mmiliki mdogo wa jengo lako, ungesamehewa kabisa. Watu watatu, wote wenye migahawa, wote wanachama wa chama kilekile, na majibu matatu tofauti. Prop 15 ilishindwa, asilimia 52 kwa 48. Pendekezo lolote linalogusa kodi ya mali likija tena, toa mkataba wa pango kwanza, kisha usome karatasi ya chama.

Mfano wa pili ni wa mishahara. Novemba 2024 Prop 32 ilitaka kupandisha kima cha chini cha jimbo hadi dola 18 kwa saa, wakati huo kikiwa dola 16. Hoja ya kupinga iliyochapishwa katika kitabu cha serikali ilitiwa sahihi na wakuu wa CalChamber, chama cha migahawa na chama cha wenye maduka ya vyakula, na ilionya juu ya bei kupanda na kazi kupotea. Ukifungua kurasa za Mchambuzi wa Bunge katika kitabu hichohicho, ulikuta makadirio ya utulivu zaidi: bei kwa jumla zingepanda kwa chini ya nusu ya asilimia moja, na nafasi za kazi zingeweza kuongezeka au kupungua kidogo. Chama hakikusema uongo, lakini kilikuonyesha upande mmoja kwa sauti kubwa. Mchambuzi naye alikuwa akizungumzia jimbo zima. Mgahawa ambao mishahara ni sehemu kubwa ya gharama ungeumia kuliko wastani huo.

Karatasi ya chama haikuweza kukuhesabia mambo mawili. Waajiri wenye wafanyakazi 25 au chini walipewa muda mrefu zaidi, wafike dola 17 mwaka 2025 na 18 mwaka 2026, na wewe una tisa. Tena miji mingine ina kima chake. San Francisco ilikuwa tayari juu ya dola 18, kwa hiyo mwenye mgahawa wa huko hangebadilishiwa chochote, wakati Sacramento hufuata kima cha jimbo na wewe ungebadilishiwa. Pendekezo hilo lilianguka kwa pengo dogo. Waliokataa hawakufika asilimia 51.

Usishangae pia ukisikia pendekezo likitangazwa kwa kishindo kisha likatoweka kabla ya uchaguzi. Sheria inaruhusu waliolileta kuliondoa kabla halijaidhinishwa kwa karatasi ya kura, na vyama vya biashara hulitumia hilo kama fimbo ya kujadiliana na Bunge. Juni 2024 waajiri waliondoa pendekezo lao dhidi ya sheria ya PAGA, ile inayowawezesha wafanyakazi kushtaki makosa ya mishahara kwa niaba ya jimbo, baada ya Bunge kukubali kuirekebisha. Mwaka uliotangulia, kampuni za vyakula vya haraka ziliondoa yao, na mapatano yakazaa mshahara wa dola 20 tangu Aprili 2024 kwa minyororo ya migahawa yenye matawi 60 au zaidi nchini. Wewe haumo, lakini unagombania wapishi na mnyororo ulio ng'ambo ya barabara, kwa hiyo mapatano ambayo hukuyapigia kura yamekufikia.

Mumeo anauliza kwa nini usome kitabu kizima. Hana haja ya kukuogofya, huhitaji kukisoma chote. Kitabu cha jimbo hakichapishwi kwa Kiswahili, nalo ni pengo linaloniuma, lakini kwa kila pendekezo kuna ukurasa mfupi unaoeleza kura ya Ndiyo inamaanisha nini na ya La inamaanisha nini. Anza hapo, kisha soma uchambuzi wa Mchambuzi wa Bunge. Ofisi hiyo ipo tangu 1941, haina chama, na kazi yake ni kuhesabu fedha zinatoka wapi na zinaenda wapi. Kichwa cha pendekezo huandikwa na mwanasheria mkuu wa jimbo, ambaye ni mwanasiasa wa kuchaguliwa, kwa hiyo usihukumu kwa kichwa. Hoja za pande mbili zisome mwisho, ukijua kwamba wanaoziandika wanataka kushinda na kwamba hakuna ofisi iliyozithibitisha.

Kuna mtego mmoja kwenye Ndiyo na La. Wakati mwingine watu hukusanya sahihi ili kufuta sheria ambayo Bunge limeshapitisha. Ndivyo kampuni za tumbaku zilivyofanya dhidi ya marufuku ya tumbaku yenye ladha: katika Prop 31 ya 2022, aliyetaka marufuku ibaki alipaswa kupiga Ndiyo, ingawa ni kampuni zilizoleta suala kwenye kura. Wengi walichanganyikiwa. Sheria ya 2023 imebadilisha maneno hayo, na kwa kura za namna hiyo sasa mpiga kura huulizwa kama anataka sheria ibaki au ifutwe.

Kujua nani analipa ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Matangazo ya kampeni za mapendekezo lazima yataje wachangiaji watatu wakubwa waliotoa dola 50,000 au zaidi, na tovuti ya Waziri wa Mambo ya Jimbo, anayesimamia uchaguzi, ina orodha za wachangiaji. Chunga pia kadi zinazoingia kwenye sanduku la barua zikijiita mwongozo wa wapiga kura wa kundi fulani. Nyingi ni biashara. Tafuta alama ya nyota pembeni ya jina au pendekezo: maana yake mahali hapo pamelipiwa.

Kuhusu wafanyakazi wako, najua huna nia ya kumtisha mtu. Lakini sheria ya kazi ya California inakataza mwajiri kuongoza au kudhibiti siasa za wafanyakazi wake, na inakataza kumshinikiza mtu kwa kumtishia kazi. Maneno kama "likipita hili nitapunguza watu" yakitoka kinywani mwa anayelipa mshahara hayasikiki kama maoni. Hata kumsaidia mfanyakazi ndani ya kituo hairuhusiwi: mpiga kura asiyejua Kiingereza anaweza kuingia na msaidizi amtakaye, ila si mwajiri wake wala mwakilishi wa chama chake cha wafanyakazi. Unachotakiwa kufanya ni kubandika tangazo la haki ya muda wa kupiga kura angalau siku kumi kabla ya uchaguzi wa jimbo, na kumpa asiye na nafasi nje ya saa za kazi mpaka saa mbili zenye malipo. Uamuzi wako mwenyewe, hata bango dirishani mwa mgahawa, ni haki yako. Kama umepanga, angalia tu mkataba unasemaje juu ya mabango.

Wasomaji wa majimbo mengine wasibebe haya yote kwao. Texas na Minnesota wananchi hawawezi kuleta sheria kwa sahihi; Bunge ndilo linalopeleka mabadiliko ya katiba kwenye kura. Missouri wanaweza, lakini Bunge lao lina mkono mrefu: Novemba 2024 wapiga kura walipitisha mshahara wa juu na likizo ya ugonjwa yenye malipo, na mwaka 2025 Bunge likaifuta hiyo likizo.

Sasa, ni wakati gani uache kusoma na uende kuonana na mtu? Ada ya chama ipeleke kwa mhasibu wako: sehemu inayotumika kwa ushawishi wa kisiasa huwezi kuiondoa kwenye kodi kama gharama ya biashara, na chama kwa kawaida hukujulisha ni asilimia ngapi. Mkataba wa pango usiouelewa, upeleke kwa wakili wa biashara kabla ya kuusaini upya. Maswali ya usajili na karatasi ya kura, nenda ofisi ya uchaguzi ya kaunti. Ni bure na wamezoea wapiga kura wa mara ya kwanza. Na kama kuna mfanyakazi mwenye green card aliyeandikishwa kupiga kura, hata kama ni kosa la ofisi kama lililotokea DMV, idara ya magari na leseni, mwaka 2018, asipige kura na asijitetee peke yake. Aende kwa wakili wa uhamiaji wiki hiyohiyo, maana kura ya asiye raia inaweza kumgharimu ukaazi wake.

Karatasi ya kura itakuja nyumbani kwako kwa posta. Tia sahihi kwenye bahasha kama ulivyotia ulipojiandikisha, kwa sababu watazilinganisha, na uirudishe mapema ili wakiona tofauti wapate muda wa kukujulisha.